Kabla ya kuitwa mwenye nyumba, hesabu miezi mitupu

Msomaji, ukitega sikio katika matatu za asubuhi zinazoingia jijini Nairobi, utagundua kuwa kuna ndoto moja inayowaunganisha walimu, makarani, wauguzi, madereva na hata wanafunzi wa vyuo ambao bado hawajaonja mshahara. Ndoto hiyo ni kumiliki nyumba za kukodisha. Kila mtu angependa siku moja tarehe tano ya mwezi impate ameketi kwake, simu ikilia mara moja, mara mbili, mara tano, na kila mlio ni mpangaji aliyetuma kodi.

Ndoto hiyo si mbaya. Mshahara una siku yake ya mwisho, na pensheni haimtoshi mtu aliyezoea maisha ya mjini. Lakini wengi wanaoingia katika biashara hii huingia na nusu ya hesabu. Wanahesabu kodi watakayopokea, wala hawahesabu miezi ambayo chumba kitakaa kitupu. Nami nasema hivi: nyumba ya kwanza ya kukodisha hainunuliwi kwa hesabu ya mwezi mzuri. Hununuliwa kwa hesabu ya mwezi mbaya. Aliyefahamu jambo hilo atalala usingizi. Asiyelifahamu ataamshwa na simu ya karani wa mikopo.

Haya siyasemi kwa kusoma vitabuni tu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, na tangu 2018 mimi na mume wangu tuna vyumba vitano vya kukodisha huko Juja. Si ghorofa, wala hatujawa matajiri. Lakini vyumba hivyo vimetufundisha mengi ambayo ningependa uyajue kabla hujatia sahihi popote.

PESA ZITATOKA WAPI?

Watu wengi wakisikia habari ya kununua nyumba hufikiria mkopo wa rehani wa benki. Ukweli ni kwamba Wakenya wachache sana hupita njia hiyo. Takwimu za Benki Kuu kwa miaka mingi zimeonyesha mikopo ya rehani ikicheza karibu na 30,000 tu katika nchi nzima. Sababu si ngumu kuona. Benki hutaka malipo makubwa ya kwanza, mshahara mnono, na riba yake yaweza kupanda ukiwa katikati ya safari. Wazee wetu waliokopa miaka ya tisini hawajasahau: mnamo 1994 wastani wa riba za benki ulivuka asilimia 30. Mtu aliyekuwa akilipa bila taabu alijikuta anakimbizana na deni linalokua kuliko mtoto.

Kwa hiyo familia nyingi za kawaida huanzia kwenye chama cha akiba na mikopo, yaani sako. Utaratibu wake unaujua: unaweka akiba kila mwezi, na baada ya muda unaruhusiwa kukopa, mara nyingi hadi mara tatu ya akiba yako, mradi upate wadhamini. Riba ambayo sako nyingi zimezoea kutoza ni asilimia 1 kwa mwezi, ikihesabiwa kwa salio linalopungua.

Hapo kwenye wadhamini nataka utue kidogo. Mdhamini si mtu wa kupamba fomu. Ni mtu aliyeweka akiba yake mwenyewe rehani kwa ajili yako. Ukishindwa kulipa, sako itageukia akiba yake. Mimi nilidhaminiwa na walimu wenzangu wanne pamoja na wifi yangu. Mmoja wa walimu hao alikuwa amebakisha miaka mitatu astaafu, na akiba ile ndiyo aliyokuwa akiitegemea kurudi nayo nyumbani. Nilipoona sahihi yake kwenye fomu nilijua kwamba deni lile halikuwa langu peke yangu.

HESABU YA KARATASI NA HESABU YA UANI

Hebu tuchukue mfano, nao uko karibu na hali yetu. Tuseme umepata ploti yenye vyumba vitano vya mawe, kila kimoja na choo chake ndani, kwa shilingi 2,500,000. Wewe na mwenzako mna 1,000,000 taslimu, nayo sako inawakopesha 1,500,000 mlipe kwa miaka saba. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, mtalipa karibu shilingi 26,500 kila mwezi kwa miezi 84. Mtakapomaliza, riba peke yake itakuwa imefika karibu 724,000.

Sasa kodi. Kila chumba shilingi 6,000, vyumba vitano ni 30,000. Dalali akikuonyesha hesabu hiyo atatabasamu na kukwambia, "Unaona? Ploti inajilipa, na 3,500 inabaki ya mboga." Hiyo ndiyo hesabu ya karatasi.

Hesabu ya uani ni tofauti. Wapangaji huhama. Ukikadiria kwamba kila chumba kitakaa kitupu mwezi mmoja tu kwa mwaka, wastani wa kodi yako tayari umeshuka hadi 27,500 kwa mwezi. Kisha kuna ushuru. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba za makao ambaye kodi yake kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 288,000 na haizidi milioni 15 hutozwa asilimia 7.5 ya kodi aliyopokea, nao hulipwa kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tena hutozwa kwa kodi yote kabla ya kutoa gharama yoyote. Hapo zinaondoka kama 2,060. Anayetunza ploti, anayezoa taka na taa ya uani, weka 2,500. Ukarabati weka 2,500 nyingine, maana mfereji hauulizi kama umelipwa mshahara kabla haujapasuka.

Kinachobaki ni kama 20,440. Deni linadai 26,500. Kwa hiyo kila mwezi, hata mambo yakienda vizuri, mshahara wako utatoa kama shilingi 6,000 kuisaidia ploti. Hilo si balaa. Ni kama kuweka akiba katika mawe, na siku deni litakapokwisha vyumba vitakuwa vyako. Lakini lazima ujue mapema kwamba zile 6,000 zitatoka mfukoni mwako, na ujue ni za karo, za chakula au za nauli.

Huo ni mwezi wa wastani. Sasa fikiria mwezi mbaya: vyumba viwili ni vitupu na mpangaji mmoja amekwama. Umepata 12,000, na deni halijapungua hata senti. Ikiwa huna jibu la mwezi huo, msomaji wangu, bado hujawa tayari kununua.

MWAKA AMBAO UANI ULINYAMAZA

Tulipokuwa tukinunua, mimi na baba watoto tulibishana wiki tatu. Yeye aliona kwamba tukitoa kila shilingi tuliyokuwa nayo, tungejenga chumba cha sita kwenye ile nafasi ya mbele ya ploti. "Pesa iliyolala benki haizai," alisema. Mimi nilitaka tubakishe malipo ya deni ya miezi sita, yaani shilingi 159,000, katika akaunti ambayo hakuna atakayeigusa, si kwa harusi wala kwa sikukuu. Alisema nina woga wa mwalimu. Nikamwambia kwamba wanaonidhamini pia ni walimu. Mwishowe chumba cha sita hakikujengwa.

Machi 2020 shule na vyuo vikafungwa nchini kote kwa sababu ya korona. Juja ni mji wa wanafunzi, na vyumba vyetu vitatu kati ya vitano vilikuwa na wanafunzi wa chuo kikuu. Katika muda wa wiki mbili walikuwa wamefunga magodoro na kwenda makwao, na hakuna aliyejua watarudi lini. Chumba cha nne kilikuwa cha mama mmoja wa watoto wawili aliyefundisha chekechea katika shule ya kibinafsi. Shule ilipofungwa, mshahara wake nao ulifungwa. Alinipigia simu tarehe tatu Aprili.

"Mwalimu," alisema, "sitakudanganya. Mwezi huu sina, na wa kesho sijui."

Nilimwomba anipe siku moja nizungumze na mume wangu. Jioni hiyo tulikaa na daftari mezani. Mpangaji mmoja tu ndiye aliyekuwa na uhakika wa kulipa 6,000. Tukikubaliana na yule mama alipe nusu, tungepata 9,000. Deni lilidai 26,500. Pengo likawa 17,500 kila mwezi. Tukagawanya zile 159,000 kwa pengo hilo, tukaona zitatufikisha miezi tisa. Mume wangu aliangalia nambari hiyo kwa muda, akafunga daftari, akasema, "Mwambie mama alipe nusu."

Ile akiba ilitutoa Aprili ikatufikisha Desemba. Januari 2021 shule zikafunguliwa tena, wapangaji wakaanza kurejea, na hakuna mdhamini hata mmoja aliyepigiwa simu na sako. Yule mwalimu mzee amekwisha kustaafu na akapokea akiba yake yote. Mama wa chekechea alihama 2022 akiwa amelipa nyuma yote isipokuwa miezi miwili, ambayo tuliifuta.

Naeleza haya si kwa kujisifu. Nataka uone kwamba huruma ya mwenye nyumba ina bei, na bei yake hulipwa kabla. Kama tungekuwa tumemaliza pesa zote kwenye chumba cha sita, yule mama angetolewa nje na watoto wake. Hatungemtoa kwa ubaya wa moyo. Tungemtoa kwa sababu deni lingekuwa mlangoni petu likibisha kwa nguvu kuliko yeye. Wenye nyumba wengi tunaowaita wakatili ni watu waliokopa hadi shingoni.

Na ukifika mahali pa kuachana na mpangaji, ujue sheria. Kung'oa mlango, kuezua mabati au kutia kufuli yako juu ya yake bila amri ya mahakama kutakuletea kesi, hata kama anadaiwa miezi mitatu.

HATI KABLA YA MAWE

Baadhi ya wasomaji watauliza: je, nitajuaje kwamba ninachonunua ni halali? Swali hilo ni zito, kwa maana hakuna mwezi mtupu mbaya kuliko ule ambao ploti yenyewe imepotea.

Novemba 2011 nyumba nyingi zilibomolewa Syokimau kwa madai kwamba zilijengwa katika ardhi ya uwanja wa ndege, na wenyewe walikuwa wakionyesha karatasi zao huku tingatinga zikipita. Oktoba 2023 mambo kama hayo yakatokea Mavoko, katika ardhi ambayo mahakama iliamua kuwa ni ya kampuni ya saruji. Waliopoteza hawakuwa wajinga. Walikuwa watu kama mimi na wewe, wenye kazi na familia.

Kwa hiyo usiridhike na nakala ya hatimiliki iliyotolewa katika bahasha ya dalali. Nenda ukafanye uchunguzi rasmi katika ofisi ya ardhi, ule ambao watu huuita "sachi". Utakuonyesha ni nani aliyeandikishwa kama mwenyewe, na kama kuna mkopo au zuio la mahakama juu ya ardhi hiyo. Tangu 2021 kuna pia mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa, ulioanzia Nairobi. Kumbuka kwamba cheti cha hisa cha kampuni ya ununuzi wa ardhi si hatimiliki, hata kama kimepigwa mihuri kumi.

Mlete mpimaji ardhi akuonyeshe mawe ya mipaka, ujue kama ukuta wa jirani haujaingia kwako au vyumba vyako havijakalia barabara. Angalia kama mto uko karibu. Angalia pia nyufa na nguzo, maana jengo la ghorofa sita lililoporomoka Huruma, Aprili 2016, na kuua watu wapatao 50, lilikuwa na wapangaji ndani.

Kama ardhi bado imeandikishwa kuwa ya kilimo, mauzo yanahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na bila kibali hicho hayana nguvu kisheria. Kama ni mali ya ndoa, sheria za 2012 zinataka ridhaa ya mke au mume wa muuzaji. Usimpe muuzaji pesa mkononi. Tafuta wakili wako, si wa muuzaji. Desturi ni kulipa asilimia 10 mnapotia sahihi mkataba, na salio ndani ya siku 90. Tena usisahau ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani katika maeneo ya miji, na asilimia 2 mashambani. Kwa ploti ya 2,500,000 hiyo ni 100,000 au 50,000, na haimo katika bei uliyoambiwa. Gharama za wakili na za uhamisho nazo zina njia yake. Familia inayoanza na 1,000,000 kamili haina budi kununua ploti ya bei ya chini kuliko hiyo.

Jambo jingine dogo ambalo huokoa pesa nyingi: nenda ukaitembelee ploti mara tatu. Nenda asubuhi uone kama maji yanatoka, nenda usiku uone kama kuna taa na usalama, nenda siku ya mvua uone kama matatu hufika. Kisha zungumza na wapangaji waliomo wakati muuzaji hayupo. Waulize wanalipa ngapi na wamekaa muda gani. Muuzaji atakwambia vyumba havijawahi kukaa vitupu. Mpangaji atakuonyesha kwa kidole kile kilichokaa kitupu tangu Krismasi.

KWA WALIO VYUONI

Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu ukidhani hayakuhusu, sikiliza. Mtu anayeanza kuweka shilingi 3,000 kwa mwezi katika sako siku anapopata kazi, baada ya miaka kumi atakuwa na 360,000 kabla ya gawio lolote, na kwa kanuni ya mara tatu anaweza kuomba mkopo wa 1,080,000. Anayeanza akiwa na miaka 24 atafika hapo akiwa na miaka 34, bado ana nguvu za kulipa. Anayeanza akiwa na miaka 45 atakuwa analipa deni huku anaaga kazini. Haraka haraka haina baraka, lakini kuchelewa nako kuna gharama yake.

JIPIME KABLA HUJAKOPA

Namalizia kwa mtihani mmoja, maana mwalimu haachi darasa bila mtihani. Kabla hujaenda kuchukua fomu ya mkopo, piga hesabu ya malipo yako ya kila mwezi. Kisha kwa miezi sita mfululizo, jilipe mwenyewe kiasi hicho. Mshahara ukiingia, toa 26,500, au kiasi chochote kilicho chako, uweke katika akaunti isiyo na kadi, kana kwamba deni lipo na hakuna mpangaji hata mmoja.

Utajua mengi katika miezi hiyo. Utajua kama mwenzako yuko nawe kweli au alikubali kwa ulimi tu. Utajua kama karo inaweza kulipwa bila kukopa dukani. Ukishindwa mwezi wa tatu, hukupoteza kitu. Pesa ni zako, na hakuna mdhamini aliyeumia. Punguza kiasi cha mkopo unaoutaka, ujaribu tena.

Ukifaulu, utafika mwisho wa mwezi wa sita ukiwa na 159,000 mkononi. Hizo usizitie katika bei ya ploti wala usizijengee chumba cha sita. Ziache pale pale. Siku mpangaji wako atakapokupigia simu kukwambia hana, hizo ndizo zitakazomjibu.